Mia ni Nani?

Saa moja jioni Makambako baridi huwa imeshaingia mpaka ndani ya soksi. Kwenye kibanda kimoja karibu na stendi, mama muuza viazi alikuwa anakusanya mafungu yake huku mwanawe wa darasa la sita, koti limemfika magotini, ameinamia daftari chini ya taa ya sola. Nilikuwa nimefuata viazi vya chajio, lakini ualimu ni kama kikohozi, haufichiki. Nikachungulia daftari kabla ya kuchagua viazi. Fumbo lenyewe lilikuwa hili: mkulima amevuna kreti 60 za parachichi, kreti 45 zimekuwa za daraja la kwanza, je, daraja la kwanza ni asilimia ngapi ya mavuno yote?

Kijana alikuwa ameandika 45/100 × 60 = 27, na chini ya 27 amepiga mistari miwili kwa rula.

"Hiyo ishirini na saba ni nini?" nikamuuliza.

"Ni asilimia, mwalimu."

"Kreti nzuri ni arobaini na tano kati ya sitini, halafu unaniambia hazijafika hata nusu?"

Akanyamaza. Mama yake, bila kuinua kichwa kwenye gunia, akajibu kwa niaba yake: "Zilizokataliwa si kumi na tano? Hiyo ni robo. Nzuri ni robo tatu." Kisha akacheka kidogo na kujishusha. "Lakini mimi hesabu sizijui, mwalimu. Niliishia la saba."

Robo tatu ya mia ni sabini na tano. Mama alikuwa ameshamaliza hesabu, ila hakujua kuwa amemaliza. Makala hii naiandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wazazi wengine wa Njombe na Makambako ambao jioni huletewa daftari la Hisabati wakaligeuza juu chini, wakalirudisha na kusema "kamwulize mwalimu wako."

Tuanze na kosa la kijana, maana si la uvivu. Ana kanuni kichwani, tena ni kanuni ya kweli: chukua namba yenye asilimia, gawa kwa mia, zidisha kwa namba nyingine. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo hujibu swali la aina moja tu, lile la "asilimia fulani ya kitu fulani ni ngapi." Fumbo likigeuzwa, mtoto hukamata namba mbili anazoziona na kuzitupia kwenye kanuni kama mtu anayetia chumvi kwenye chai kwa sababu kopo limefanana na la sukari. Nimesahihisha madaftari ya namna hiyo miaka mingi. Watoto wanaokosea asilimia huwa wanajua kuzidisha vizuri kabisa. Wanachokosa ni kujua ile mia inasimama badala ya nini.

Litazame neno lenyewe. Darasani tunafundisha kwamba sehemu ina namba mbili: ya juu inaitwa kiasi, ya chini inaitwa asili. Katika robo tatu, kiasi ni 3 na asili ni 4. Sasa tamka "asilimia" polepole, ukate katikati: asili, mia. Sehemu ambayo asili yake ni mia. Tumeisomesha kama mada mpya, yenye alama yake ya vijiduara viwili na mkwaju katikati, na mtoto akaamini amekutana na mnyama mgeni. Kumbe ni sehemu ileile aliyoisoma zamani, imevalishwa mia chini.

Na kama ni sehemu, basi inatii sheria ya sehemu: ukizidisha juu na chini kwa namba ileile, au ukigawa juu na chini kwa namba ileile, thamani haibadiliki. 3/4 ni sawa na 15/20, ni sawa na 45/60, ni sawa na 75/100. Mama wa viazi alianzia 45/60, akaiona 3/4. Mimi nikaipandisha 3/4 hadi 75/100. Hakuna zaidi ya hapo.

Ninavyowafundisha watoto siku hizi ni kwa kuchora nyumba mbili za ghorofa moja, zimesimama jirani. Nyumba ya kushoto ni ya mia: katika chumba chake cha chini anaishi 100 daima, hahami. Nyumba ya kulia ni ya vitu vyenyewe, iwe kreti, shilingi, wanafunzi au kilo. Katika chumba chake cha chini unaishi ule uzima wote tunaouzungumzia. Vyumba vya juu ni vya kiasi. Kila fumbo la kawaida la asilimia linakupa wapangaji watatu na kukuachia chumba kimoja kitupu. Kazi yako ni kumpanga kila mmoja kwenye chumba chake kabla ya kushika hesabu yoyote. Kijana wetu angechora nyumba zake, 45 ingepanda juu kulia, 60 ingeketi chini kulia, 100 chini kushoto, na chumba kitupu kingekuwa juu kushoto. Asingeweza kuweka 45 juu ya 100 hata kama angetaka, kwa sababu 45 ni kreti, na nyumba ya kushoto haipangishi kreti.

Chumba kitupu kikihama, njia haibadiliki. Shule imeotesha miche 240 ya parachichi, na asilimia 35 imeuawa na baridi ya Juni. Imekufa mingapi? Kushoto 35 juu ya 100, kulia kitupu juu ya 240. Rahisisha kushoto: 35/100 ni 7/20. Ishirini inaingia kwenye 240 mara kumi na mbili, kwa hiyo na saba izidishwe kwa kumi na mbili: miche 84. Mtoto hakugawa 8,400 kwa mia. Alihesabu saba kumi na mbili, ambayo iko kwenye jedwali la kuzidisha alilokariri.

Aina ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi, nayo kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi ameshaifanya. Mhazini anasoma: "Mpaka leo tumekusanya milioni 8 na laki 4, sawa na asilimia 70 ya bajeti." Bajeti ni kiasi gani? Watoto wengi hukimbilia kutafuta asilimia 70 ya 8,400,000 na kupata pungufu ya walichonacho, yaani bajeti iliyo ndogo kuliko michango. Chora nyumba. 70/100 ni 7/10. Kulia 8,400,000 iko juu, chini kitupu. Mafungu saba ni 8,400,000, fungu moja ni 1,200,000, mafungu kumi ni milioni 12. Kamati bado inadai mafungu matatu, 3,600,000, na mhazini aanze kupiga simu.

Hapa niweke onyo dogo la kiufundi. Asili nyingine hazikubali kupanda moja kwa moja hadi mia. Wanafunzi 27 kati ya 36 wamefaulu. Mtoto anaangalia 36, anaangalia 100, anaona haviingiliani, anaweka kalamu chini. Mwambie ashuke kwanza ndipo apande: 27/36 igawe kwa tisa juu na chini, unapata 3/4, na robo tatu ni rafiki wa zamani. Ikibaki theluthi, asihangaike, ni 33 na theluthi moja. Ikibaki sehemu ya saba au ya kumi na tatu, hapo agawe kwa kawaida. Njia hii haikuja kufuta kugawa.

Wazee wetu walikuwa na majina ya vipande hivi, na ni aibu kuyaacha yapotee: nusu ni 50, theluthi ni 33 na kidogo, robo ni 25, humusi ni 20, thumuni ni 12 na nusu, na fungu la kumi linajulikana makanisani bila kufundishwa. Hata neno "ushuru", ule wa mazao, limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi, ingawa getini leo hawachukui ya kumi. Na sumni, ile senti hamsini ya zamani, jina lake ni hilohilo la thumuni, moja ya nane, wakati mkononi ulikuwa unashika nusu ya shilingi. Jina lilibaki, uzima wake ukaenda. Sijui mfano mzuri kuliko huo wa kumwonyesha mtoto kwamba kipande bila kuambiwa ni kipande cha nini hakina maana.

Sasa twende sokoni, maana huko ndiko asilimia zinakoumiza watu wazima.

Kila anayelima viazi Uwemba au Wanging'ombe anaijua lumbesa: gunia lililojaa, halafu likashonewa kichwa kingine juu kwa kamba mpaka likawa kama mtu aliyevaa kilemba. Kipimo halali hakizidi kilo 100. Tuseme lumbesa yako imebeba kilo 125, na dalali anakulipa bei ya gunia, mfano 80,000. Amekupunja asilimia ngapi?

Nimeuliza swali hili kwenye kikao cha wazazi na majibu yakagawanyika sawasawa. Nusu ya ukumbi walisema asilimia 25, kwa sababu kilo 25 zimeongezwa juu ya mia. Wengine wakasema asilimia 20. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na wote walikuwa sahihi, kila upande na mia yake. Ukiwa dalali, mia yako ni gunia ulilolilipia: kilo 100, na nyongeza ya 25 ni robo. Ukiwa mkulima, mia yako ni viazi ulivyovitoa shambani: kilo 125, na zilizokwenda bure ni 25 kati ya 125, yaani 1/5, asilimia 20. Jaribu kwa tani moja. Kwa magunia halali ni magunia kumi, laki nane. Kwa lumbesa ni magunia manane, 640,000. Umeacha 160,000 mezani, na 160 juu ya 800 ni moja ya tano.

Chora hili kwa mtoto kwa vipande. Gunia halali ni vipande vinne vya kilo 25. Umeongeza kimoja, sasa ni vitano. Kile kimoja ulipokiongeza kilikuwa kimoja kwa vinne. Ukitaka kukitoa, ni kimoja kati ya vitano. Kipande ni kilekile, asili imekua. Ndiyo maana kitu kilichopanda kwa robo hurudi kilipokuwa kwa kushuka humusi, na kilichopanda kwa nusu hurudi kwa kushuka theluthi. Ndiyo maana pia muuza duka anayepandisha bei kwa asilimia 20 kisha akatangaza punguzo la asilimia 20 hakurudi pale alipoanza: kiatu cha 50,000 kilipanda hadi 60,000, kikashuka 12,000, kikafika 48,000. Mia ilibadilika katikati ya safari.

Mimi mwenyewe somo hili nililinunua kwa fedha. Mwaka mmoja upepo ulinichukulia bati, nikaenda kwa mkopeshaji wa ile mikopo tunayoiita kausha damu. Mkopo laki mbili, mwezi mmoja, riba asilimia 20, "na riba tunakata hapohapo, mwalimu, ili usipate usumbufu." Niliondoka na 160,000 mfukoni na ahadi ya kurudisha 200,000. Mwalimu wa Hisabati mzima nilifika nyumbani ndipo nikachora nyumba zangu mbili. Fedha niliyoitumia ni 160,000; niliyoilipia ni 40,000. Arobaini juu ya mia na sitini ni robo. Nilikopa kwa asilimia 25 na nikasaini karatasi iliyoandikwa 20. Ni lumbesa ileile, imeshonwa kwa kalamu. Ukienda kukopa popote, usiulize tu riba ni asilimia ngapi. Uliza ni asilimia ngapi ya fedha nitakayotoka nayo mlangoni.

Mafumbo yenye mia za aina mbili ndani yake yako hata kwenye taratibu za serikali, na hapo mtoto wa sekondari anaweza kumsaidia mama yake aliye kwenye kikundi. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Tuseme, kwa mfano tu, halmashauri imekusanya bilioni 3. Fungu la mikopo ni milioni 300. Wanawake wanapata ngapi? Niliwahi kusikia kwenye semina mtu akipiga asilimia 4 ya milioni 300 na kupata milioni 12, akina mama wakaguna. Ile 4 mia yake ni mapato ya ndani, siyo fungu: 4/100 ya bilioni 3 ni milioni 120. Ukitaka kuanzia kwenye fungu, basi wanawake wana 4 kati ya 10, ambayo ni 40/100, na asilimia 40 ya milioni 300 ni milioni 120 hizohizo. Nyumba mbili zikichorwa sawasawa lazima zikutane. Zisipokutana, kuna mpangaji aliyeingia chumba cha mwenzake.

Walimu wenzangu tumekuwa wataalamu wa jambo hili bila kupenda, kwa sababu ya kikokotoo cha pensheni. Kwa kundi lililokuwa likipata mkupuo, yaani malipo ya mara moja mtu anapostaafu, wa asilimia 50, mkupuo huo ulishuka hadi 33 mwaka 2022, kisha ukapandishwa hadi 40 mwaka 2024. Ofisini nikasikia wakisema "wameongeza asilimia 7." Hapana, wameongeza pointi 7. Kwa mstaafu, mia ni ule mkupuo wa 33, na 7/33 inaizidi kidogo 7/35, ambayo ni humusi. Mkupuo umekua kwa zaidi ya asilimia 20. Na mwingine anayekumbuka ile 50 atakuambia bado amepungukiwa 10 kati ya 50, humusi pia. Wote wawili wanaweza kukaa meza moja bila mmoja kumwita mwenzake mwongo.

Tazama jinsi ile 33 nilivyoisogezea 35. Hiyo nayo ifundishe nyumbani: kabla ya kupata jibu kamili, tafuta sehemu nyepesi iliyo jirani. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ongezeko ni kama milioni 16.8 juu ya 44.9. Soma 16.8 juu ya 44.8 na utaona ni 3/8 kamili, asilimia 37 na nusu. Mkoa wetu wa Njombe ulitoka 702,097 ukafika 889,946, ongezeko la watu 187,849. Robo ya laki saba ni 175,000, kwa hiyo tumekua kwa robo na kidogo, tuseme asilimia 27. Mtoto aliyezoea kukisia hivi hawezi kukuletea jibu la 27 mahali penye robo tatu, kama la yule kijana wa kibandani, kwa sababu macho yake yatakataa kabla ya kalamu. Na kwenye mtihani wa darasa la saba, ambako kikokotoo cha mfukoni hakiingii, macho hayo yana thamani kuliko kanuni tatu alizokariri.

Kwa mzazi, basi, jioni yako iwe fupi. Usimfanyie mtoto fumbo, wala usimpe kanuni yako ya zamani inayotofautiana na ya mwalimu wake. Msomeshe fumbo kwa sauti mara mbili. Mwulize: hapa mia ni nani? Ni kreti zote, au nzuri tu? Ni bei ya zamani, au mpya? Akijibu kwa jina la kitu badala ya namba, mwachie kalamu. Asipojua, mpeleke kwenye viazi halisi: panga ishirini mezani, toa saba, mwulize vingekuwa mia angetoa vingapi. Mtoto wa Makambako aliyekua akipanga mafungu sokoni hawezi kushindwa na hilo.

Yule kijana nilimwachia fumbo moja kabla sijalipa viazi vyangu, na nakuachia na wewe. Debe la viazi limepanda bei kwa theluthi. Mama anataka kulirudisha kwenye bei ya zamani ili wateja wasihame. Apunguze asilimia ngapi? Alisema thelathini na tatu, haraka, akataka kupiga mistari miwili. Mama yake akamgusa bega. Akafuta, akachora vipande vitatu, akaongeza cha nne, akakitazama kwa muda, kisha akaandika 25.